Kocha Zaremba na Msiba wa Mara ya Pili

"Dolores! Dolores! Dolores!"

Wiki iliyopita tuliliacha jina hilo likiwa bado hewani, juu ya theluji ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Erie, na Kocha Leon Zaremba akiwa ameganda pembeni, mkono kwenye kipaza sauti, damu imemkimbia usoni. Hatumpi hata nafasi ya kuvuta pumzi. Mpira unaanza sasa hivi.

Aliyeita jina hilo ni Marcellus Batiste, nahodha wa walinzi wa Nyundo, timu ya Erie. Ni yeye aliyegongana na mtu kichwa kwa kichwa muda mfupi uliopita, akalala chifudifudi, akainuka mwenyewe, akacheka, akarudi mahali pake.

Na Dolores ni nani? Dolores ni mke wa Zaremba. Ni jina la mbinu pia. Mzee huyu huzipa mbinu zake zote za ulinzi majina ya wanawake wa mtaani kwake, na ile bora kuliko zote aliipa jina la mkewe. Siku alipotoka kumzika aliifuta. Hakuna aliyewahi kuitamka tena, na wachezaji wapya hawajui hata kama iliwahi kuwapo.

Sasa Marcellus anaiita kwa sauti ya kupasua mapafu.

Walinzi wa Nyundo walitazamana. Mmoja akaenda kushoto, mwingine kulia, wa tatu akabaki ameinua mikono kama anayemuuliza Mungu. Zaremba alikuwa ameagiza mbinu nyingine kabisa. Aliitamka kwenye kipaza sauti, ikaingia moja kwa moja kwenye helmeti ya Marcellus, ile yenye doa la kijani kisogoni. Katika walinzi wote walioko uwanjani ni mwenye helmeti hiyo peke yake anayemsikia kocha. Hawezi kumjibu kwa mdomo, kwa hiyo hujibu kwa kujipiga paja.

Na Marcellus alijipiga paja. Alisikia vizuri. Kisha akageuka akawaitia wenzake jina la marehemu.

Mpira ukaanza.

Mtupaji wa Omaha, wapinzani wao, aliinua kichwa, akawaona walinzi wametawanyika kama kuku walioona mwewe, akashangaa. Katika mchezo huu kushangaa hakuruhusiwi. Kabla hajaamua amtupie nani, beki mmoja mnene alimfikia, akamlaza kwenye theluji na mpira wake kifuani.

Uwanja ulilipuka.

"Umeona hiyo?" Kocha mkuu, Brent Hollister, alimrukia Zaremba mabegani. "Mzee, wewe mchawi! Hiyo nini? Umeificha wapi msimu mzima?"

Zaremba alijitoa mikononi mwake.

"Omba muda," alisema.

"Nini?"

"Omba muda, Brent. Sasa hivi."

Hollister akaomba muda huku anacheka, akidhani mzee ana nyingine mfukoni.

Hali ilikuwa hivi. Nyundo wako mbele kwa pointi nne. Omaha wamebakiwa na jaribio moja, la mwisho. Wakivuka mstari na mpira wanapata pointi sita, na wao ndio wanakwenda fainali. Wakizuiwa, Erie inakwenda, Erie ambayo haijafurahi tangu viwanda vya chuma vifungwe.

Na kuna jambo ambalo Hollister hakulijua. Asubuhi ile mwenye timu, Bi Constance Averill, alimwita Zaremba ofisini kwake, akafunga mlango, akamwambia, "Walinzi wako ndio wanaotubeba, Leon. Leo wakishikilia, mwakani timu ni yako."

Zaremba amekuwa kocha wa walinzi maisha yake yote. Amefanya kazi chini ya makocha wakuu wengi kiasi kwamba majina yao humchanganya. Hajawahi hata mara moja kuitwa kocha mkuu. Na sasa cheo hicho kilikuwa mbali naye kwa jaribio moja tu.

Marcellus alikuja pembeni akitembea kwa madaha, helmeti mkononi, mvuke ukimtoka kichwani.

"Kocha! Umeona tulivyowanyoosha?"

"Nimeona."

"Yule mtupaji wao nusura amwite mama yake."

"Marcellus, mbona umeita ile?"

"Ipi?"

"Uliyoita."

"Si wewe umeniambia?" Macho yake yalikuwa matulivu, hayana hata chembe ya wasiwasi. "Kocha, unazeeka. Unaagiza, halafu unasahau ulichoagiza."

Zaremba alihisi baridi inamwingia sehemu ambayo koti halifiki. Akauliza swali ambalo hakutaka jibu lake.

"Alhamisi tunakula nini?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa?" Marcellus alicheka kicheko kile kizito cha watu wa Louisiana. "Mwambie Mama Dolores pierogi za uyoga aniwekee pembeni kabla mnene hajafika. Safari hii nikikuta sahani tupu, nahama timu."

Enzi hizo walinzi wote walikula kwa Zaremba kila Alhamisi. Dolores aliwapikia mwenyewe pierogi, sambusa za kuchemsha za kwao, mikono imejaa unga, akiwagombeza kwa Kipolandi wasichokijua. Marcellus alikuwa kipenzi chake. Siku Dolores alipozikwa, Marcellus alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, akalia hadi ikabidi naye ashikwe.

Leo hakumbuki. Kichwa chake kimerudi nyuma, kimeingia katika mwaka ambao Dolores bado yuko jikoni.

Hapa usimhukumu mzee haraka. Kwa kitambo kifupi Zaremba hakutaka kufanya lolote. Mbele yake alisimama binadamu pekee chini ya jua ambaye kwake Dolores yu hai, jioni hii, anasubiri watu waje kula. Nani angeharakisha kumtoa mtu kama huyo huko aliko?

"Nitamwambia," alisema Zaremba. Sauti ilimtoka kama si yake.

Kisha akageuka. "Daktari!"

Wakaingia kwenye hema dogo la bluu nyuma ya benchi, lile la kupimia waliogongwa, na helmeti ya Marcellus ikabaki nje juu ya benchi. Daktari Ruth Lindqvist, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, akawasha tochi.

"Tuko uwanja gani, Marcellus?"

"Erie, na baridi yenu ya kipumbavu."

"Kipindi cha ngapi?"

"Cha nne, mwishoni."

"Nani amefunga mwisho?"

"Sisi. Kwa mguu."

"Wiki jana tulicheza na nani?"

"Milwaukee. Tuliwakung'uta. Dokta, maliza, watu wananisubiri."

Yote yalikuwa sahihi. Macho yalifuata kidole. Alisimama kwa mguu mmoja, hakuyumba.

"Yuko sawa, Leon," alisema daktari. "Sina cha kumzuilia."

"Umesikia?" Hollister alikuwa ameingiza kichwa ndani ya hema. "Yuko sawa. Twende tukamalize kazi."

Zaremba alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Hakuna ambaye angemlaumu. Daktari ameshasema. Wale wote waliosikia "Dolores" walidhani ni ujanja wa mzee. Katika uwanja mzima ni yeye peke yake aliyejua kwamba hakuliagiza jina lile. Angefumba mdomo kwa jaribio moja, angepata kila kitu alichokitafuta tangu ujana.

"Muulize mke wangu yuko wapi," alisema.

Daktari alishusha tochi. "Leon."

"Muulize."

Daktari alimgeukia Marcellus. Kisha akauliza kwa sauti ya chini. "Marcellus, mke wa Kocha yuko wapi?"

"Mama Dolores?" Marcellus aliwatazama wote watatu kama wamerukwa na akili. "Nyumbani, yuko wapi tena? Na baridi hii? Atakuwa mbele ya runinga anamtukana mwamuzi."

Daktari Lindqvist alikuwapo makaburini siku ile. Alisimama karibu na Marcellus, yeye ndiye aliyempa kitambaa.

"Hachezi," alisema daktari.

"Ni utani!" Hollister, aliyekuja Erie Dolores akiwa ameshazikwa, aling'aka. "Huyu anapenda utani, kila mtu anajua! Jaribio moja, Leon. Moja! Acheze hilo, halafu mpeleke hospitali yoyote unayotaka. Mzee, unajua unachokitupa?"

"Najua kuliko wewe."

"Nani hachezi?" aliuliza Marcellus.

Alisimama, na hema likawa dogo. Akawasukuma kama anayefungua pazia, akatoka kwenda kuchukua helmeti yake. Lakini Zaremba alikuwa ameshamtangulia. Aliiona helmeti juu ya benchi, ile yenye doa la kijani, akaivuta, akaiweka chini yake, akaikalia.

Bila helmeti mwamuzi hamruhusu mtu kuingia. Kila kocha anaijua njia hiyo.

"Nipe helmeti, Kocha."

"Kaa chini."

"Nipe helmeti yangu, mzee. Nisije nikakuvunjia heshima mbele ya watu."

"Vunja."

Kamera zote ziliwageukia. Mzee wa nywele nyeupe amekaa juu ya helmeti kama kuku juu ya mayai. Mbele yake jitu limekunja ngumi.

"Ni uoga!" Marcellus alipiga kelele. "Ndiyo maana hawakupi timu! Wewe kazi yako kubeba mikoba ya wanaume wenzako. Akili unayo, moyo huna!"

Zaremba aliendelea kukaa. Maneno yale alishajiambia mwenyewe mara nyingi, na kwa ukali zaidi.

"Nitakushtaki kwa Mama Dolores. Naapa! Leoleo nakuja kwako, namwambia mbele ya uso wako. Uone kama utapewa chakula kwenye nyumba ile!"

Hapo mzee alivunjika.

"Marcellus. Mwanangu. Kaa."

"Sikai!"

"Dolores amefariki."

Marcellus alicheka. Akamtazama daktari, daktari akatazama chini. Akawatazama wenzake kwenye benchi. Wale wa zamani, waliokula Alhamisi pamoja naye, wakageuza nyuso. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Lini?"

"Ni siku nyingi sasa."

"Lini, Kocha?"

"Ulimbeba wewe mwenyewe. Ulishika mbele, upande wa kulia."

Marcellus aliutazama mkono wake wa kulia. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, kama anayeuuliza. Mkono haukumwambia kitu.

Alikaa palepale kwenye theluji, mtu ambaye farasi wangemkwepa, akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mbona hamkuniambia?" alilia. "Mbona mlimzika bila mimi? Alikuwa mama yangu huku! Mbona mlimzika bila mimi?"

Mashabiki waliokuwa karibu walidhani analilia mechi. Wakaanza kumpigia makofi, wakiita jina lake, "Ba-tiste! Ba-tiste!" kumtia moyo.

Zaremba aliteremka kwenye benchi, akapiga magoti kwenye theluji, akamkumbatia kichwa. Alidhani msiba wake ulishazeeka, umetulia mahali fulani ndani yake ambapo haupigi tena kelele. Sasa ulianza upya, siku ya kwanza, saa ya kwanza, na mtu wa kulia naye amempata.

"Leon! Mbinu!" Sauti ya msaidizi ilimpasua sikio. "Wanajipanga! Tipton anasubiri!"

Akainuka. Magoti yalikuwa yamelowa.

Clay Tipton, mlinzi wa akiba, alikuwa ameshaingia na helmeti ya akiba yenye doa la kijani, ana macho ya mtu aliyeamshwa na moto. Zaremba akatazama jinsi Omaha walivyojipanga. Alikijua kile kitu. Wangejifanya wanampa mpira mkimbiaji kulia, kila mtu akimbilie kulia. Halafu jitu lao refu la kupokea mipira lingenyatia kona ya kushoto, lipokee mpira peke yake.

Kulikuwa na dawa moja tu. Mlinzi wa kati asimkimbize mtu. Arudi nyuma, asimame kwenye kona, asubiri. Mbinu ileile ambayo Zaremba aliipa jina la mkewe kwa sababu Dolores naye hakuwahi kumkimbiza mtu. Alisubiri mlangoni, na mwishowe mtu alikuja mwenyewe.

Lakini Tipton hakuwahi kufundishwa Dolores. Zaremba aliizika, na hakutaka mtu aifukue. Sasa ilibidi aieleze yote, neno kwa neno, kwa muda uliobaki wa kupumua.

"Tipton, nisikilize. Usimfuate mkimbiaji. Ni uongo. Wewe rudi nyuma, nenda kona ya kush—"

Sikioni pakatoka mlio mdogo. Sauti ilikatwa.

Ndiyo sheria yao. Saa ya kuanza mpira ikikaribia kwisha, kipaza sauti cha kocha huzimwa, na mchezaji hubaki na akili yake mwenyewe. Tipton alisikia nusu. Akajipiga paja, kijana wa watu, kuonyesha ameelewa.

"Kona!" Zaremba alipiga kelele kwenye kipaza sauti kilichokufa. "Kona ya kushoto! Baki kona!" Akapunga mikono, akaruka kama mtoto. Maelfu ya watu walikuwa wanapiga kelele. Nani angemsikia?

Mpira ukaanza. Mkimbiaji akaenda kulia na mikono mitupu, ameinama kana kwamba amebeba kitu. Tipton akamfuata kwa nguvu zake zote, akamkamata, akamwangusha vizuri kabisa.

Kona ya kushoto hapakuwa na mtu. Lile jitu refu lilinyoosha mikono, likaupokea mpira taratibu kama anayepokea mtoto mchanga. Likavuka mstari.

Erie nzima ilinyamaza. Ukimya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Zaremba alimsikia Marcellus, nyuma yake, akiendelea kulia. Hakuinua macho hata kutazama ubao wa matokeo.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kama nyumba ya matanga. Wanaume wakubwa walikuwa wanajibandua bandeji bila kutazamana. Tipton alikuwa amejifunika taulo usoni. Zaremba alipita, akamwekea mkono begani.

"Si kosa lako."

"Nilijipiga paja, Kocha," alisema Tipton ndani ya taulo. "Sikusikia yote, nikajipiga paja. Niliogopa utadhani sijui."

"Hata mimi ningejipiga. Oga, utashikwa na mafua."

Hollister alikuwa anamsubiri kwenye ujia.

"Umefurahi?"

"Hapana."

"Jaribio moja, Leon. Kesho usije kazini. Sitaki hata kuiona hiyo sura."

"Sawa."

"Sawa? Hiyo tu?"

"Unataka nikuambie nini, Brent?"

Hollister hakujua alitaka aambiwe nini. Akapiga teke ndoo ya maji, kumbe imejaa, akaondoka akichechemea.

Zaremba akaenda hadi mlango wa chumba cha daktari. Nje alisimama Simone, mke wa Marcellus, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke ambaye hapandishi sauti hata akikasirika.

"Yukoje?"

"Wamemtuliza. Gari la wagonjwa limekwama kwenye foleni ya mashabiki." Alikuwa ameshika koti la mumewe kifuani. "Kila akizinduka anauliza kama ni kweli Mama Dolores amekufa. Ninamwambia ni kweli. Analia. Anasahau. Anauliza tena."

"Pole, Simone."

"Usinipe pole bado. Hakuanza leo."

"Unasemaje?"

"Tangu majani yalipoanza kudondoka. Kila Alhamisi anavaa shati safi, anawasha gari, anasema anakwenda kula kwenu. Siku moja nilimfuata. Nilimkuta ameegesha mbele ya nyumba yako, taa zako zote zimezimwa. Amekaa tu. Nikagonga kioo. Akaniambia, 'Leo Mama Dolores amechelewa kufungua.'"

Mzee aliegemea ukuta. Tangu Dolores afe, siku za Alhamisi hulala ofisini, kwenye kochi, kwa sababu hawezi kuingia jikoni mle siku hiyo. Laiti angelala kwake hata mara moja, angemkuta kijana wake mlangoni.

"Mbona hukuniambia, Simone?"

"Alinipigia magoti. Alitaka amalize msimu huu tu. Na nilijidanganya. Nilisema, kila akigongwa daktari anampima, na kila akipimwa anafaulu, sasa mimi ni nani? Leo nimemuuliza, akiwa pale kitandani. Nimemuuliza anafauluje. Unajua amenijibu nini?"

"Nini?"

"'Kocha anatufundisha.'"

"Uongo!" Neno lilimtoka Zaremba kabla hajalifikiria.

"Jumamosi, hotelini, kabla hawajalala. Unawasimamisha mstari. Tuko mji gani? Kesho tunacheza na nani? Wiki jana tulicheza na nani, nani alifunga mwisho? Anayekosea anapiga pushapu. Niambie ni uongo, Leon."

Haukuwa uongo. Alifanya hivyo tangu akiwa kocha kijana, ili wasilale akili zikiwa zimetawanyika. Alijivunia jambo hilo. Maswali ya madaktari yalikuja miaka mingi baadaye, yakawakuta wachezaji wake wameshayazoea kama jina la mama. Yeye hakuwahi kuyaweka pamoja kichwani. Na Marcellus hakuwahi kukosea. Zaremba alikuwa akimsifu mbele ya wenzake, "Tazameni akili hii, kama wembe."

"Sikujua," alisema. "Naapa kwa Dolores, sikujua."

"Naamini hukujua." Simone alifuta uso wa koti la mumewe kwa kiganja, ingawa halikuwa na vumbi. "Lakini sasa unajua. Wako wangapi wengine mle ndani, Leon, wanaofaulu?"

Zaremba aligeuka akautazama mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Walikuwa wanaanza kutoka, mmoja mmoja, mabegi mabegani. Beki mnene alimpungia mkono. Alikuwa mzima. Alionekana mzima.

Ghafla upande wa pili wa ujia ukajaa taa, kelele na viatu. Waandishi wa habari walikuja kwa kusukumana, na mbele yao Bi Constance Averill, mwenye timu, amenyoosha mkono tangu mbali, analia na kucheka kwa pamoja.

"Leon! Nchi nzima imekuona ukiikalia ile helmeti! Simu hazinyamazi. Watu wanalia majumbani mwao." Akageukia kamera. "Mabibi na mabwana, fainali tumeikosa, lakini leo nimeona mtu anayewajali wachezaji wake kuliko ushindi. Hollister anakwenda zake. Huyu hapa ndiye kocha mkuu mpya wa Nyundo!"

Taa zikamwakia usoni. Mtu akapiga makofi, wengine wakafuata. Wachezaji waliokuwa wanatoka wakatupa mabegi chini, wakaanza kuliimba jina lake.

Simone alisogea. Alizungumza polepole, karibu na sikio lake, kwa ile sauti ya mwalimu.

"Waambie wewe habari ya maswali yako," alisema, "ama nitawaambia mimi."

Mkono wa Bi Averill ulikuwa bado umenyooshwa. Zaremba akafungua kinywa.